Kwa Birindwa, Mpiga Picha, Baba wa Watoto Watatu

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu Jumanne ile uliposema unajinyoosha kidogo kabla ya mteja wa saa tisa. Mteja alifika na mtoto wake aliyevaa tai, wakakaa, wakangoja. Wewe hukuamka. Mama Assia, jirani yako wa duka la vitambaa, ndiye aliyetuletea habari, na mpaka leo akipita mbele ya studio hushusha sauti kana kwamba bado umelala.

Tunakuandikia sisi wa nyumbani kwako. Kalamu ameishika Eddy, kitinda mimba wako, yule uliyemsema kuwa ana mwandiko wa daktari. Mama Geneviève, mkeo, amekaa pembeni anasahihisha. Nella, binti yako, anajifanya anachambua mchele, lakini kila mstari anausoma. Mengi ya humu ni yake. Yeye ndiye aliyesema tusifiche kitu, kwa sababu kuna mtu Kajaga anayepaswa kuyasikia haya pamoja nawe.

Kwanza tukusifu, maana sifa ulizipenda, usikatae. Ulivaa tai kila siku ya kazi, na miguuni kandambili, kwa kuwa picha ya kitambulisho haifiki miguuni. Kitana ulikifunga kwa kamba kwenye kioo, kwa sababu vitatu vya kwanza viliondoka na wateja. Watoto wa watu uliwafuta kamasi kwa leso yako mwenyewe. Waliovuka mpaka wakikimbia vita, wakihitaji picha za karatasi zao, uliwapiga ukakataa hata kusikia asante. Pale mtaani Asiatique kulikuwa na studio zenye mashine mpya kuliko zako, lakini siku ya komunyo ya kwanza foleni ilikuwa mlangoni kwako.

Na kile kitabu chako! Uliachiwa na mama mmoja Mgiriki aliyefunga duka lake akarudi kwao, kikiwa hakina jalada. Ndani yake ni picha za watoto wa wafalme wa Ulaya, za zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mabinti wanne wa mfalme mkuu wa Urusi wamevaa magauni meupe. Mdogo wao wa kiume amevaa nguo za baharia. Halafu jamaa zao wa Uingereza, wa Denmark, wa Ujerumani, wamepangwa kwenye ngazi kwa kimo, kila mmoja amenuna. Kwenye kitabu hicho ulijifunza kazi: mdogo huketi chini, wa kati kwenye kiti, mkubwa husimama nyuma na mkono wake huwekwa begani mwa aliyeketi.

"Weka mukono," uliwaambia wateja. "Bila mukono, hawa ni batu banangojea bus."

Na mtoto akianza kuchekacheka ulimkazia macho: "Usicheke! Batoto ba wafalme habacheke!" Hapo ndipo kila mtu alipoangua kicheko, na wewe ukabonyeza. Ukuta wako mzima ulijaa watoto waliokatazwa kucheka.

Koo za watu wale ulizijua kuliko za kwetu. Ulipenda kutuuliza kwa kutushtukiza, tukiwa na mkate mdomoni. Mfalme wa Urusi na mfalme wa Uingereza, wale wawili wenye ndevu moja na uso mmoja, wanaitana nani? Kitabu kiliandika kwa Kifaransa kwamba ni mabinamu. Wewe ulikikosoa kwa kalamu ya wino. Mama zao walikuwa dada wa tumbo moja, wa kule Denmark, na kwetu watoto wa dada wawili ni ndugu, hakuna jina lingine. Binamu alikuwa yule wa Ujerumani, mtoto wa shangazi wa huyo Mwingereza. Ulituambia pia kwamba hao hao, walipogombana, ugomvi wao ulifika mpaka kwenye ziwa letu, Wajerumani wakaondoka mji huu na Wabelgiji wakaingia. Tulidhani unatania, mpaka Eddy alipokutana na habari hiyo shuleni.

Somo hilo lilikuwa na sababu yake, na sababu ilikuwa Lisette. Dada mkubwa wa Mama Geneviève alipofariki Uvira, ulivuka mpaka siku hiyo hiyo na kurudi na binti yake, umri wa miaka tisa, na begi moja. Nella alikuwa na miaka saba, Eddy miwili. Wiki nzima Lisette hakulifungua begi lile. Ulimkalisha studio, ukampa kitabu, ukamwonyesha watoto wa dada wawili. "Ona," ulimwambia. "Hawa ni ndugu. Na we na Nella ni vilevile. We ni mukubwa, kazi yako ni kusimama nyuma." Amissi, fundi wa kushona, akawashonea magauni mawili ya baharia kwa shuka la buluu, na mkapiga picha ya kwanza: Eddy chini, Nella kwenye kile kiti chekundu, Lisette nyuma na mkono begani.

Kila Mwaka Mpya mliirudia. Miaka kumi na mitatu, kiti kilekile, mkono uleule. Watu waliwaita wasichana wale mapacha, na hamkuwarekebisha. Nella anasema mkono huo ulikuwa mzito kidogo, kwa sababu Lisette alikuwa akimbana makusudi ili acheke. Nella aliposimama mbele ya kamera bila mkono huo, mwaka ule Lisette alipoolewa Uvira, hakujua aweke wapi mabega yake.

Sasa tufike palipo pagumu.

Vita vilipokaribia Uvira, Lisette alimpigia simu Nella. Ilikuwa Jumatatu. Habari za mumewe hakuwa nazo, na watoto walikuwa wanne. Nella akamwambia, "Kuja. Kuja leo." Akaweka simu akaenda kutandika. Lakini nyumba ya Nella na mumewe kule Carama ina vyumba viwili, na sebuleni walikuwa wamelala shemeji zake wawili, na mama mkwe alipoona magodoro yakisogezwa aliuliza neno moja tu: "Tena?" Nella akaiogopea ndoa yake. Jumatano akaandika ujumbe: "Ngoja kwanza, nyumba imejaa, nitakuita." Akaificha simu chini ya mto wa kiti, akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Hakuita. Lisette na watoto walinyeshewa wiki tatu mpakani, chini ya turubai la watu wasiowajua. Kisha akapata pa kujibanza Kajaga, akaanza kuanika ndagala, yaani dagaa, kando ya ziwa.

Wewe ulijua kabla yetu, Baba. Ulikuwa unakwenda Kajaga kila Jumapili na kurudi unanuka samaki, ukituambia umetembelea rafiki. Halafu siku moja ukapanda mpaka Carama na kitabu chini ya kwapa. Nella alipokiona, alirudi ndani kutafuta kiti cha mgeni.

"Mi sitakugombeza," ulimwambia. "Nataka tu tusome."

Kurasa za mwisho za kitabu hicho ulizibana kwa kibanio cha nguo tangu utoto wetu. Tulizoea kufikiri zimechanika. Siku hiyo ulikiondoa kibanio.

"Huyu wa Urusi na huyu wa Uingereza, banaitana nani?"

"Ndugu, Baba. Mama zabo ni tumbo moya."

"Vizuri. Soma hapa."

Nella akasoma. Yule wa Urusi aliondolewa kwenye ufalme, akawa anatafutiwa pa kukaa na mkewe na watoto. Uingereza ikasema waje. Baada ya wiki chache neno likageuzwa, mahali pakakosekana. Mwaka uliofuata waliuawa wote pamoja, mabinti wanne wa magauni meupe na mdogo wao wa nguo za baharia. Nella aliirudia aya hiyo mara mbili, kidole chini ya maneno kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Huyu wa Uingereza alikuwa na sababu?" aliuliza.

"Mingi. Na nyumba alikuwa nayo, Nella. Vyumba ata yeye hakuvijua hesabu. We uko na viwili, ninajua." Ukakifunga kitabu. "Lakini Lisette hajakufa. Iko Kajaga. Ni trajet ya nusu saa kwa bus."

"Nitaenda, Baba."

Hakuenda. Si kwamba hakutaka. Alifika mara mbili mpaka kituoni akageuka, kwa sababu kila wiki aliyoikosa iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Tunakuambia hivi kwa sababu ulikufa ukimngojea aende, na analia kila tunapofika hapa, hata sasa, mchele umelowa.

Ulipotutoka tulipewa karatasi ya tangazo la redio. Ilikuwa na mistari: mke, watoto, wakwe, wajukuu, mabinamu. Nella ndiye aliyeijaza. Kwenye watoto aliandika jina lake na la Eddy, kisha kalamu ikagoma. Kumwandika Lisette pale kulikuwa kukiri kwamba alimfungia mlango dada yake. Aliona haya. Akashuka mistari mitatu, akamwandika na mabinamu. Hatukuisoma tena karatasi ile, na kosa hilo ni letu sote. Ikasomwa asubuhi na jioni, siku tatu.

Lisette alikuja kukuzika. Alisimama nyuma kabisa, amevaa kitenge cha njano, watoto wake wanne wamepangwa kwa kimo. Majina yaliposomwa tena kaburini, Nella aligeuka kumtafuta. Aliuona mgongo wake tu ukienda zake kati ya watu. Eddy alipomfuata Kajaga baadaye, Lisette alimpikia, akamfungia ndagala za Mama Geneviève, akamsindikiza vizuri. Akasema, "Umwambie Nella sijakasirika. Mi ni cousine tu, binamu wa redio."

Tangu siku hiyo Nella hajakalia kile kiti chekundu, hata kufunga viatu.

Basi Jumamosi hii tunaanua matanga yako. Misa ni saa nne asubuhi, kisha wote tunakwenda studio. Tumekipangusa kiti. Eddy atakaa chini mahali pake pa zamani, ingawa tumbo lake la sasa halitaki kukunjika. Mama Geneviève alijitolea kusimama nyuma ya Nella, ili pasibaki wazi. Nella alikataa. Alisema pale pana mwenyewe.

Hapo ndipo maandishi yetu yalipokuwa yameishia, na chini yake tulikuwa tumeorodhesha majina. Jana asubuhi Nella aliichukua karatasi kabla hatujaipeleka popote, akapanda basi la Kajaga, na safari hii hakugeuka. Eddy alimsindikiza, kwa hiyo tunayokuambia aliyaona.

Lisette alikuwa anageuza ndagala juu ya wavu. Nella akampa karatasi. Lisette akajifuta mikono kwenye kitenge, akaisoma akiwa amesimama palepale juani. Alichukua muda. Alipofika kwenye ule ukurasa wa Urusi alitazama ziwa kidogo, akaendelea. Alipofika kwenye majina, akakunja uso.

"Kalamu iko wapi?"

Nella akampa. Alidhani Lisette anataka kulifuta jina lake. Sisi tulikuwa tumeandika: watoto wako Nella, Eddy na Lisette. Tulijiona tumefanya jambo kubwa kulirudisha jina lake kwenye mstari wake. Lisette akalizungushia duara, akachora mshale mrefu mpaka mwanzo wa mstari.

"Mi ndiye mukubwa," alisema. "Nani alibafundisha kupanga batu hivi? Baba angewarudisha wote nyumbani."

Kisha akamwambia Nella achukue upande wa pili wa wavu, kwa sababu jua linapanda na samaki hawangoji. Waligeuza ndagala mpaka saa sita. Nella amerudi ananuka kama wewe ulivyokuwa ukinuka Jumapili, na hajataka kuoga.

Wanaokukumbuka ni sisi: mkeo Geneviève, watoto wako Lisette, Nella na Eddy, mkwe wako Valéry wa Carama, mume wa Nella, ambaye amesema sebule ni ya kila mtu, wajukuu wako saba, wanne kati yao kutoka Kajaga, Amissi fundi, anayeshona kitu cha buluu na hataki tukione, na Mama Assia, ambaye tumemwomba Jumamosi apandishe sauti.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Baba, na mbele ya kamera tutajitahidi tusicheke.