Kamera Haina Mdomo

Kwako Wafula, uliyekuwa ndugu yangu,

Tuliondoka Webuye pamoja, tukaja huku Uarabuni, tukapewa kazi ya ulinzi kwenye jengo moja la mtaa wa West Bay na chumba kimoja mtaa wa Najma, wewe kitanda cha juu, mimi cha chini. Mwezi wa kwanza nikashikwa na homa. Ulininywesha uji kwa kijiko, ukanifulia hadi soksi.

"Kunywa, Barasa," ulisema. "Nikikupoteza huku, mama yako nitamwambia nini?"

Tangu siku hiyo nilikuwa wako. Sikujua hisia ile iitweje, na sikumuuliza mtu. Kila Ijumaa asubuhi tulipanda basi hadi Al Wakrah kukimbia ufuoni. Ulinifundisha kupumua kwa pua na kutotazama mbali. Wiki nzima nilisimama mlangoni nikiwafungulia watu, moyo ukiwa Ijumaa.

Kisha akaja Kato, Mganda mpya, akapangwa geti la nje, kwenye jua. Ulimhurumia. Ijumaa iliyofuata tukawa watatu. Nilikusikia ukimwambia, "Pumua kwa pua, usitazame mbali," maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Wiki chache baadaye, nilipokuwa nimeumia goti mbioni, uliniambia, "Goti lako halijapona, wewe pumzika. Nitaenda na Kato." Goti langu lilikuwa limepona, Wafula. Hukuuliza.

Halafu ikaja ile adhuhuri ya Julai. Nilikuwa zamu chumba cha kamera. Nilimwona Kato akiyumba, akaanguka. Nilikuona ukiacha mlango mkuu, ukamkokota hadi kivulini, ukamvua kofia, ukampepea nayo. Ulikuwa umepiga magoti. Nilitazama mkono wako ukiwa juu ya kifua chake.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikwenda mwenyewe kwa supavaiza, nikasema Kato ana tabia ya kuacha geti akajilaze kivulini. Nilitaka ahamishwe tu, basi. Apelekwe jengo lingine, mbali na Ijumaa zetu.

Jioni supavaiza alituita sote watatu. Alimuuliza Kato kwa nini aliacha geti. Wewe ndiye uliyejibu.

"Kato hakuacha geti. Alizirai. Aliyeacha lindo ni mimi."

"Uliacha mlango mkuu bila ruhusa?"

"Niliuacha. Na akianguka tena, nitauacha tena."

Neno langu moja lingetosha. Ningesema nilidanganya, nilimwona Kato akizirai. Nilisimama nikitazama viatu vyangu. Ukarudishwa nyumbani.

Siku ya kufunga mizigo uliniuliza bila kugeuka, "Nani alisema?"

"Kamera," nikajibu.

Ulikunja shati, ukalipanga, ukakunja jingine. "Kamera haina mdomo, Barasa."

Ni hayo tu. Afadhali ungenipiga. Kato ndiye aliyekusindikiza uwanja wa ndege. Mimi niliomba zamu ya ziada nisiwepo.

Nina uchungu nawe pia, sitaficha. Kila aliyeanguka ulimwokota, nami mjinga nikadhani niliokotwa peke yangu. Ungeniambia mapema kwamba huo ndio moyo wako, kwamba hukunichagua, ningejipanga. Lakini najua hata haya ni visingizio. Mtu hachomi nyumba kwa sababu mwenyeji kakaribisha mgeni mwingine.

Kato bado yuko hapa. Kitanda chako sasa ni chake. Hajui lolote, ananiita kaka, ananibakizia ugali, na siku moja aliniambia, "Wafula alisema nikuangalie." Sikulala vizuri kwa wiki nzima. Kumbe ulijua, na bado uliniachia mtu wa kunitazama! Wema wako unachoma kuliko tusi.

Jana alirudi kutoka kazini na tabasamu. Anaenda likizo, na kabla ya kufika kwao Masaka atapitia Webuye kwenye harusi yako. Harusi! Nimeisikia kwake. Nikamuuliza kama umenitumia salamu. Kato ni mtu mwema. Alitafuta uongo wa kunipoza, akaukosa.

Sikuombi msamaha. Nikiuomba utanipa, kama unavyompa kila mtu, nami sitaki tena fungu la kila mtu. Oa salama, Wafula. Usiweke kiti changu.

Mimi, aliyekuwa ndugu yako wa kitanda cha chini,
Barasa