Wembe Wako na Betri ya Gari-Nyumba

Ujiji, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Hii naitoa nikiwa nimeinama kweli, si ya mdomoni. Mguu unaendeleaje? Umeanza kukanyaga, au bado unaamrisha watu kutoka kitandani? Zena mdogo wangu, wewe unayemsomea, soma taratibu na usiruke mahali. Ukifika pa kucheka, meza mate kwanza.

Mimi ni mzima wa mwili, uso ndio mgonjwa. Gari-nyumba la Bwana Otto na mkewe, wale wazungu ninaowaendesha, lina vioo vitatu, na tangu tutoke Usoke navipita vyote nikitazama pembeni.

Najua Mjomba Kasanda ameshafika hapo Chemchem, amevua kofia, umekiona kichwa chake. Najua pia umemuuliza naye akakujibu, "Ah, wembe mbaya tu, dada." Ndivyo alivyo. Basi nakuandikia yale aliyokuficha.

Tulipopita hapo kwako Tabora ulinishika mkono ukaniambia, "Mguu huu hautanifikisha Usoke. Wewe ndiye mpwa mkubwa. Nenda ukamnyoe mjomba wako nywele za msiba, umtoe kwenye matanga ya mkewe kwa niaba yangu." Ukanipa wembe mpya ndani ya karatasi yake, wakati duka zima la ushirika halina hata mmoja. Nikautia mfuko wa shati. Nilisikia kila neno, Mama. Sitasema sikusikia.

Gari lile unalijua, ulilikalia kitanda ukasema watu hawa wanatembea na nyumba kama konokono. Ila hukuonyeshwa chini ya kitanda. Pale kuna betri, mbali na ile ya injini, na vidude vyao vyote vinanyonya hapo: feni, pasi ndogo ya safari, redio, mashine ya kukaushia nywele za Bibi, na ile ya kunyolea nywele za Bwana. Bwana Otto alinifundisha tangu Bagamoyo: "Ramadhani, gari likisimama, tumia kimoja tu, tena kwa muda mfupi. Betri inashiba gari likitembea." Nikamjibu, "Bwana, umeme naujua tangu Dar." Umeme gani? Dar nilijua kuwasha taa na kuzima.

Usoke tulilala siku mbili. Bwana na Bibi waliondoka kwa miguu kutafuta kambi za misafara ya zamani, wakaniachia funguo. Asubuhi ya kuanua matanga nikapiga pasi shati langu. Akapita Mwenyekiti wa kijiji, nikamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, lete na lako, huku ndiko kujitegemea." Wengine wakaona, wakaja. Sikumrudisha mtu. Kina mama waliokuwa wanapika jikoni nikawatolea feni mlangoni iwapepee. Wakaniita tajiri. Nikaitika.

Kisha Mjomba akatolewa nje, akaketi kwenye kigoda, shuka begani. Badala ya kuutoa wembe wako, nikavuta waya dirishani, nikainua mashine juu kila mtu aione.

"Mjomba, Ulaya nzima siku hizi wembe wameutupa. Hii ni dakika mbili."

Mjomba akaniangalia. "Unaiweza?"

"Mjomba! Mimi?"

Akainamisha kichwa.

Ilianza vizuri, haki ya Mungu. Ikanguruma, nywele za upande wa kulia zikaanguka zote, wanawake wakaguna kwa mshangao. Mdomo wangu ukafunguka, nikawa nawahadithia watu mambo ya Dar huku nanyoa. Nilipofika utosini, mlio ukapungua, ukawa wa mbu, ukakatika. Meno ya mashine yakabaki yameng'ata nywele. Nikaivuta. Mjomba akatokwa na machozi, na hayo hayakuwa ya msiba.

"Imepumzika kidogo," nikasema. Nikakimbilia betri ya injini, nikaunganisha nyaya kwa pupa. Cheche zikaruka, moshi ukatoka. Nikajaribu kuwasha gari ili betri ishibe. Tik. Tik. Gari nalo limekufa.

Mtani wetu Mgogo, Mzee Chibago yule mstaafu wa reli, alikuwa akiingoja nafasi yake.

"Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, ninyi mmeshindwa na nywele za mtu mmoja! Haya, mgane nusu ametoka matangani, nusu bado yumo. Tumpe ubwabwa nusu sahani?"

Watu wakavunjika mbavu. Msibani ile ni haki ya mtani. Hata Mjomba alitabasamu, kiganja kimefunika ule upande wenye nywele. Halafu Mzee Chibago akanigeukia bila utani: "Basi mjukuu wangu, toa wembe tumalize. Mama yako hawezi kukutuma mikono mitupu."

Nikasema, "Sina. Mama hakunipa."

Mama, wembe ulikuwa hapa kifuani, nausikia kila nikivuta pumzi. Ningeutoa, wote wangejua nilikuwa nao tangu mwanzo nikauona wa kishamba. Kwa hiyo nikakutoa wewe. Nikasikia mwanamke nyuma anasema, "Dada mtu, hata wembe?" Na Mjomba, na kile kichwa chake cha nusu, akajibu kwa sauti: "Dada yangu ni mgonjwa. Msimseme."

Wakazunguka nyumba hadi nyumba. Ukapatikana mmoja, wa kukatia nyuzi, una kutu. Mzee Chibago akanyoa nao. Damu ikashuka mpaka sikioni na Mjomba hakuguna. Mimi nilishika beseni la maji, nikayaona yakibadilika rangi.

Baada ya Mjomba, zamu ya kunyolewa ilikuwa yetu wapwa. Lakini Bwana Otto alikuwa amerudi, na gari lilitaka kusukumwa. Wafiwa wakalisukuma, Mjomba miongoni mwao, kitambaa kichwani. Likawaka. Bibi akaniuliza, "Hatuagi?" Nikamwambia likizimwa haliwaki tena. Ilikuwa kweli, nami nikajificha nyuma ya ukweli huo. Kwenye kioo nilimwona Mjomba katikati ya barabara, ananipungia mkono.

Bwana alinifokea kwa betri yake, nikaomba radhi, yakaisha. Ya kwako hayajaisha. Zena, hapa paza sauti, na kama jirani yupo uani asikie: Mama alinipa wembe. Mpya. Mimi ndiye niliyesema uongo.

Msalimie baba mdogo Saidi fundi cherehani, na shangazi Tausi anayekukanda mguu. Salamu za Mjomba usimpe. Nitamletea mwenyewe.

Bwana na Bibi wakishavuka ziwa nitapanda treni. Nywele zangu sijazigusa, watu wa hapa wananiuliza kama mimi ni mganga. Nizuilie Mjomba asirudi Usoke, na uniwekee kigoda uani. Wembe bado umo ndani ya karatasi yake. Nataka yeye ndiye aninyoe, mbele yako, na asinipake hata maji.

Mwanao, ambaye peke yake bado yumo matangani,

Ramadhani