Blogu ya Mama Kulwa Imehama

Kagongwa

Mama,

Shikamoo. Nimeliandika hilo neno halafu nikasubiri kidogo, mazoea tu. Ulikuwa hunisikilizi kabla hujaitikia, hata ningekuja mbio kukwambia nyumba inaungua.

Habari yenyewe ni hii: blogu yako imehama. Ile kampuni iliyokuwa inakuhifadhia Jiko la Mama Kulwa ilituma ujumbe kwamba inafunga huduma, kila mtu achukue vitu vyake. Ujumbe ulikuja kwenye simu yako, ambayo bado naichaji, usiniulize kwa nini. Nikampigia Kulwa huko Geita. Akasema, "Shija, achana nayo. Mwenyewe hayupo, nani atapika?" Unamjua mwanao. Blogu ina jina lake, lakini hajawahi kuandika humo hata mstari mmoja. Nilikata simu kwa hasira, kisha nikajua hakusema kwa ubaya. Hawezi kuifungua. Akiiona tu ile picha umeshika mwiko, anaizima.

Mimi ndiye niliyekuwa nakupigia picha za masufuria, basi nikasema nitahamisha mwenyewe.

Kilichonichelewesha si ufundi. Wasomaji wako walikuwa hawajaambiwa. Hapa nyumbani tulilia, tukazika, tukaanua matanga, majirani wote wanajua. Kule kwenye blogu ulikuwa hujafa. Vijana wa machimbo waliendelea kukuandikia kutoka Kharumwa na Geita, "Shikamoo mama, wali wangu juu mbichi chini umeungua, nimekosea wapi?" Wametoka kwao Lindi na Singida, hata kuchambua mchele hawajui. Nami nasoma, nanyamaza. Nilitaka pabaki mahali pamoja ambapo bado uko.

Wewe ulikuwa unaitikia kwanza, swali baadaye. "Marahaba ng'wanawane. Sasa huo moto punguza." Yule kijana wa Lindi akauliza ng'wanawane ni nini, ukamjibu kwamba ni mwanangu kwa Kisukuma, na akiacha kuunguza wali utamfundisha neno la pili. Bando likikaribia kuisha ulikuwa unaitikia salamu zote, maswali unayaacha mpaka kesho.

Nikaanza kuhamisha. Makala zikafika zote kule kupya: wali, michembe na matobolwa ya viazi vitamu vikavu, hata ile ya dagaa uliyoiandika ukiwa umenuna. Picha zikafika. Maoni ya wasomaji hayakufika. Nikafungua makala ya matobolwa, ile iliyokuwa na salamu kibao, nikakuta chini yake peupe. Kusema kweli nililia, mama. Viazi vya kuchemsha na kuanika naweza kumuuliza mtu yeyote akanielekeza. Marahaba zako sina pengine pa kuzipata.

Nikarudia. Kumbe kulikuwa na kijisanduku cha kuweka alama, nilikiruka. Safari hii maoni yakaja yote. Nikafurahi, nikaifungua blogu kwa watu, nikaenda sokoni kununua nyanya. Ile kampuni ilikuwa imesema kwamba anwani ya zamani wataiacha kwa muda, mtu akiifungua impeleke kwenye mpya.

Niliporudi nikakuta ujumbe wa yule mzee wa Songwa, mstaafu, ambaye wewe mwenyewe ulikuwa unamwamkia. "Huyu Shija ni nani anayewaita watu wazima wanawe? Na Mama Kulwa yuko wapi?"

Nikaangalia. Blogu mpya ilikuwa inanijua mimi tu, kwa hiyo kila ulichowahi kujibu ilikiwekea jina langu. Shija: Marahaba ng'wanawane. Shija: Marahaba ng'wanawane. Mimi wa juzi nawaitikia madereva, walimu, wanaume wenye wajukuu! Nilicheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Halafu kicheko kikakatika, maana mzee ameuliza na anasubiri jibu.

Nikaikumbuka ndoo. Ulipoitoa biashara ya mchele barabarani ukaipeleka sokoni, uliniacha pale pa zamani nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kazi yangu kuwaambia wateja, "Mama Kulwa amehamia sokoni, nyuma ya mashine ya kukoboa." Nilinuna, maana Kulwa na pacha wake Doto walikuwa wanacheza. Ukaniambia, "Watu wanatoka mbali, usiwaache wakute patupu." Sasa nilikuwa nimekaa tena pale pale, watu wanafika, na mimi nimefunga mdomo. Mtoto wa kwenye ndoo anatakiwa aseme mama yake amekwenda wapi.

Nililirudisha kwanza jina lako kwenye majibu yote, moja moja, huku nayasoma. Kisha nikaandika makala fupi. Nikasema mimi ni Shija, niliyezaliwa baada ya pacha, na kwamba mama yetu aliugua, amefariki, na tumemzika hapa nyumbani. Nikawaomba radhi wakubwa kwa marahaba ambazo hazikuwa zangu. Mwishoni nikaandika, "Shikamooni." Nilipobonyeza, ikawa kama nakuzika mara ya pili. Ila mara hii nilikuwa peke yangu.

Walikuja, mama. Kijana wa Lindi alisema siku hiyo hakushuka shimoni, alikaa juu akapika wali, na haukuungua. Wengine waliandika pole tu. Nikampigia Kulwa nikamsomea. Akasema nimtumie hiyo anwani mpya.

Mzee wa Songwa alichelewa, nikadhani amekasirika. Jibu lake lilipokuja lilikuwa fupi: "Marahaba, ng'wanawane. Pole sana. Sasa usiache jiko lizime."

Nimelisoma mara nyingi. Tangu uondoke hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Najua hukumtuma, lakini nilikaa kwenye kigoda chako pale jikoni nikaona nimeitikiwa.

Basi mama, nikuache upumzike. Nakuahidi kwamba hakuna atakayebisha hodi kule akose jibu. Mkubwa nitamwamkia, mdogo nitamwitikia, kwa jina langu, na swali lake litafuata baadaye. Na pale pa zamani, mpaka siku kampuni itakayopazima, nipo. Nimekalia ndoo. Wakiuliza nawaambia ulikokwenda.

Mwanao,
Shija