Sitayalainisha Maneno ya Mzee Zefania

Kwako Mama, uliyelala katika udongo wa Werugha,

Barua hii nitaisoma kwa sauti ndani ya kanisa ulilolitumikia, katika ibada ya kukukumbuka, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, ili asiwepo wa kuuliza jirani. Kina bibi zako, wale wasiojua Kiswahili uliokuwa ukiwatafsiria mahubiri, watakuwa benchi la mbele na makoti yao mazito. Mzee Zefania, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la wazee, atakuwa kwenye kiti cha magurudumu kando ya madhabahu. Nikimaliza kusoma, atazungumza yeye, na mkalimani wake nitakuwa mimi. Nataka ujue, na kanisa lijue, ninaifanya kazi hiyo kwa moyo gani.

Unazikumbuka Jumamosi zetu? Ulikuwa ukikamua ng'ombe, mimi nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikikusomea mafungu ya kesho yake. Shule yako iliishia darasa la nne, lakini hukuwahi kuliacha neno lipite bila kulihoji. "Hii neema," ulisema siku moja, "tukiwaambia kina bibi ni wema tu, watadhani ni kikombe cha chai." Ukaendelea kukamua, kisha ukasema, "Nitawaambia ni mvua iliyonyesha kwenye shamba la mtu ambaye hakulima." Kesho yake mhubiri aliposema neema, wewe, kushoto kwake, uliwapa kina bibi mvua hiyo, nao wakaitikia kwa kishindo hata mhubiri akageuka kukutazama.

Hiyo ndiyo ilikuwa karama yako. Baraza halikukupa. Baraza hugawa zamu na ufunguo wa stoo. Kwa miaka kumi na minne ulisimama pale bila cheo, ukitoka shambani na matope bado kwenye visigino, ili wanawake watano waliokuzidi umri wasirudi nyumbani mikono mitupu.

Kisha ikaja Jumapili ya Wakesho. Alikuwa binti wa jirani yetu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, miaka kumi na saba, na mimba. Mzee Zefania alisimama kutoa matangazo, akalitaja jina lake lote, akasema ametengwa na tangu siku hiyo ataketi nyuma. Akanyamaza ili utafsiri. Wakesho alikuwa hatua tatu kutoka kwako, ndani ya joho la kwaya.

"Amesema nini?" Bibi Mkawasi akauliza, kiganja sikioni.

"Anasema baridi imezidi," ukamjibu kwa Kidawida. "Mjifunike vizuri."

Bibi Mkawasi akajivutia shuka mabegani, akamshukuru mwenyekiti kwa kuwajali wazee. Vijana, waliozielewa lugha zote mbili, wakaangua kicheko mpaka mabenchi yakatikisika.

"Mama Mghoi, tafsiri nilichosema!"

"Hilo sitalibeba, mwenyekiti."

"Ni tangazo la kanisa!"

"Basi kanisa litafute mdomo mwingine. Huu nilipewa kwa kazi nyingine."

Wiki ile ile baraza likaamua kwamba umepotosha maneno ya madhabahu. Likaongeza kwamba Kidawida ni lugha ya shambani, haina nafasi tena katika ibada ya watu walioendelea. Ukaketi benchi la mwisho, kando ya Wakesho, ukimbebea mtoto alipozaliwa. Kina bibi wakahamia nyuma kukufuata, ukawa unawanong'onezea mahubiri. Mzee Zefania akamtuma shemasi: "Mama, mwenyekiti anaomba utulivu." Ukanyamaza. Bibi Mkawasi akaacha kuja. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Nikae nitazame midomo ya watu, kama mbuzi anayetazama redio?"

Miaka sita, Mama. Nilikuwa nikipanda kutoka Voi ninakofundisha, nakukuta ukipika, midomo ikikuchezacheza. Ulikuwa ukitafsiri taarifa ya habari, peke yako, jikoni. Sijawahi kumsamehe mtu kwa picha hiyo.

Tulipokuzika, Mzee Zefania alisimama kando ya jeneza lako akakuita mtumishi mwaminifu. Alisema kwa Kiswahili kizuri, na hakuwepo wa kuwatafsiria kina bibi. Nilifurahi. Sikutaka wamsikie akikusifu.

Mwaka jana kiharusi kilimwangusha. Kiswahili bado anakisikia, ila hakitoki tena kinywani mwake. Kilichobaki ni Kidawida alichonyonya kwa mama yake huko Bura. Watoto wake hawakijui, kwa kuwa alikipiga marufuku nyumbani kwake. Mwanawe wa kwanza alinijia shuleni, mtu mzima, jasho la joto la Voi likimtiririka juu ya tai. "Mwalimu, baba anaongea na sisi hatumwelewi. Jana amelia mchana kutwa, tukamletea chai, uji, dawa. Alikuwa anataka dirisha lifunguliwe."

Nilicheka, Mama. Nilicheka mbele yake, na sikujificha. Kisha nikaenda.

Niliwatafsiria maji, mto, dirisha. Walipotoka chumbani, Mzee Zefania aliniambia jambo ambalo nalisema mimi leo, kabla yake, ili asipate nafasi ya kulipunguza. Alisema hakukuondoa kwa sababu ya Wakesho. Alikuondoa kwa sababu kila aliposimama kusema, macho ya watu yalikuwa kwako. Kicheko cha vijana kilimpa sababu tu ya kufanya alichokuwa amekitaka kwa miaka. Akaniomba nimlete kanisani, aseme hayo mbele ya kina bibi, nami niwatafsirie watoto wake na vijana wetu wa sasa ambao, kwa kazi ya mikono yake, hawaijui tena lugha hiyo.

Juzi mwanawe alinipigia simu. "Mwalimu, ukifika mahali pa aibu, pita juujuu kidogo. Wewe unajua kupamba maneno." Nilimwambia saa ya kumleta baba yake, nikakata simu.

Najua karama hutolewa ili kuujenga mwili wa Kristo. Nimewafundisha wengine hivyo, tena nikiwa nimesimama wima. Lakini hii yangu imenifikia ikiwa na hasira ndani yake, na sitasimama mbele za Mungu nikijifanya imekuja safi. Wewe ulikuwa na rehema ya kuligeuza neno baya likawa shuka begani mwa kikongwe. Ungekuwepo, ungemhurumia hata huyu. Ungempatia neno laini, wanawe wangetoka hapa vichwa juu. Mimi sina neno hilo. Nimelitafuta, Mama, njia nzima ya kupanda kutoka Mwatate, na sikulipata.

Kwa hiyo nitasimama kushoto kwake. Akisema wivu, nitasema wivu, sitasema udhaifu. Akilitaja jina lako, nitalitaja lote. Akilitaja la Wakesho, nitamtazama Wakesho, ambaye ameketi nyuma mpaka leo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia arudi mbele. Akiishiwa na nguvu katikati ya sentensi, nitangoja, na kanisa zima litangoja nami, mpaka aimalize. Sitapunguza wala sitaongeza. Hakuna atakayeweza kunishtaki kwamba nimepotosha, na hiyo ndiyo adhabu niliyomchagulia: mkalimani mwaminifu.

Labda msamaha utakuja. Ukija, nitaupokea. Leo bado haujafika, na ibada imeshaanza.

Pumzika, Mama. Ukitaka kunikemea, nitapita kaburini nikitoka hapa, unikemee.

Ni mimi binti yako,
Mghoi