Maksai wa Mbao

Mafinga,
28 Julai 1974

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nyamizi anayekusomea naye nampa salamu zake, na namwomba asiruke mstari hata ukikunja uso. Goti lako linaendeleaje? Mama je, kikohozi kimepungua? Mimi ni mzima, ila baridi ya Mafinga haina adabu. Asubuhi vidole vinakataa kushika penseli.

Sijaisahau kauli yako: mavuno yakiisha, kama bado napiga msasa mbao za watu, nirudi Usangu nikashike zizi. Sasa sikiliza yaliyotokea.

Mkuu wa karakana yetu, Bwana Liberatus, alitutaka sisi tunaojifunza kubuni samani tupeleke kila mtu kitu chake kwenye maonyesho ya Saba Saba Mbeya, mgeni akione ajue sisi ni mafundi wa namna gani. Alisema atakayevutia wanunuzi atapewa meza ya kuchorea. Wengine warudi kwenye msasa. Wenzangu walitengeneza viti. Mimi nilitengeneza kitu cha kuchezea: maksai. Ni Madoa wako yuleyule, aliyetangulia kundi tulipohama Shinyanga, na pembe yake moja iliyolala. Hana msumari wala gundi. Miguu, nundu na pembe vinachomekwa na kuchomolewa, kwa maungio yaleyale ninayotumia kwenye kiti. Bwana Liberatus alinicheka, akasema aliomba fundi, si mchungaji wa ng'ombe wa udongo. Iliniuma, maana kwenye ng'ombe wa udongo ndiko nilikoanzia ufundi.

Kwa haraka yangu nilitumia msonobari ambao haujakauka. Kufika Mbeya, juani, mbao zikasinyaa. Mbele ya wageni Madoa akadondosha mguu, kisha pembe, kisha akalala kifudifudi. Watu walivunjika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini Bi Mwanahawa, mwenye nyumba ya wageni hapo mjini, aliokota vipande, akavirudisha huku bado anacheka, halafu akavichomoa tena kwa kupenda kwake. Akaniuliza kama naweza kumtengenezea viti vya namna hiyo, kwani vyake vikivunjika mguu huishia kuwa kuni. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo imani yangu: kinachofunguka kinatengenezeka. Aliagiza viti vya ukumbi mzima, ila akanionya nikaushe mbao kwanza.

Baba, sasa nikuambie lenyewe. Meza ya kuchorea nimepewa, na nimeikubali. Sirudi kushika zizi. Mpe mdogo wangu Ngolo, anawajua ng'ombe kuliko mimi, na anawapenda bila kutaka kuwachonga. Najua utakasirika, na inanitia uchungu, kwa kuwa mimi ndiye mwanao wa kwanza.

Dereva anayekuletea barua hii anakuletea pia Madoa mwingine, wa mbao kavu. Utaona hasimami. Usiseme kazi ni mbovu. Mguu wake mmoja nimebaki nao. Nitauleta mwenyewe kabla ya mvua, uuchomeke kwa mkono wako.

Mama nampa shikamoo, na Ngolo mwambie asininunie.

Mwanao akupendaye,
Shigela