Mtu wa Mwavuli wa Bluu

Mzazi mwenzangu,

Nakusalimu huko uliko, nyuma ya cherehani yako, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Natumaini mgongo umepunguza kelele, na yule bwana harusi aliyenenepa suti ikiwa bado mezani ameshakuja kuichukua. Mama mwenye nyumba msalimie sana, mwambie mimi bado mzuri. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto tu ndilo limejitangazia uhuru, linapanda ngazi siku linayotaka lenyewe. Mwanangu, yaani mkwe wako, anakula, anakoroma, na bado anafunga nyaya za umeme za watu bila kupigwa shoti, jambo ambalo kwa akili zake linanishangaza mpaka leo.

Utajiuliza kwa nini nimehangaika na kalamu wakati simu ninayo. Simu, bwana, nikifika tu kwenye neno gofu unakata. Barua huikati. Hata ukitaka kuichana, lazima uisome kwanza ujue unachana nini. Nakujua wewe.

Sasa sikia. Binti yako amecheza na wanaume.

Usitupe karatasi, bado. Unakumbuka siku ile alipokuja kukwambia, mimi nimekaa kwenye benchi la wateja wako. Alikueleza vizuri kabisa kwamba mashindano ya wanawake ni ya kuokoteza, mshindi anapewa birika na kupigwa picha, ukirudi nyumbani unachemsha maji ya fahari. Akakueleza kwamba kuna mchujo wa siku mbili, na wanaofanya vizuri wanaingia kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa mwaka mzima. Sheria za mchujo hazikusema mwanamke asiingie, labda kwa sababu walioziandika hawakuwaza kwamba atatokea mmoja mwenye kichwa kigumu kama cha baba yake. Wewe ukaendelea kukanyaga cherehani. Ukamjibu bila kumtazama kwamba hukuwashonea watu maisha yako yote ili mwanao akachekwe uwanjani, na kwamba akienda huko asikuhesabu kwenye watazamaji. Mimi nikaendelea kupuliza kikombe. Chai yako ilikuwa bado ya moto, na niliogopa kufukuzwa kabla sijaimaliza.

Basi alikwenda. Makedi, sisi tunaobeba mifuko ya fimbo, wakaanza kuugua mmoja mmoja, huyu tumbo, yule bega. Hakuna aliyetaka aonekane amembebea mwanamke anayeshindwa. Nikasema mimi sina jina la kuharibu, lete huo mfuko. Mwanangu akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia nitafia shimo la tatu na watanizika kwenye mchanga. Nikamjibu kwamba mazishi hayo yatakuwa na majani mazuri kuliko atakayonifanyia yeye.

Siku ya kwanza ilipita salama, sina la kukusimulia zaidi ya malengelenge yangu. Siku ya pili ndiyo barua.

Walimpanga na wanaume wawili. Mmoja ni mwalimu wa michezo, mpole, anaongea kama analipia maneno. Mwingine wanamwita Kifua, na ukimwona huulizi kwa nini. Pale pa kuanzia kupiga pako sehemu mbili, nyuma kwa wanaume na mbele kidogo kwa wanawake. Msimamizi, kwa huruma zake, akamwambia binti yako anaweza kusogea mbele, ila matokeo yake hayatahesabiwa. Akamshukuru, akachomeka kijiti chake cha kuwekea mpira kule kule nyuma. Kifua akauliza kwa sauti, watu wasikie, nani leo anaangalia sufuria nyumbani kwake. Binti yako akamjibu kwamba mumewe anaangalia, na kwamba kama njaa inamsumbua aseme mapema, huwa kunabaki ukoko. Watu wakacheka. Mwalimu mwenyewe alicheka, bure kabisa.

Nikuambie ukweli, Kifua anapiga mbali. Mpira wake unaruka mpaka unauonea huruma. Lakini unaruka kama salamu za mlevi, kwa kila mtu, na nusu ya siku tulikuwa vichakani tukimsaidia kuutafuta. Wa binti yako unafika nyuma ya wake, lakini unafika katikati. Niliutazama shimo baada ya shimo, nikasema huu mkono naujua. Ni mshono wako. Hauna haraka na haupindi. Tulipofika nusu ya uwanja, Kifua alikuwa ameacha habari za sufuria, anahesabu mapigo yake kwa vidole na kupiga miayo ya uongo.

Tulipolipita bwawa la uwanjani mvua ikaanza, manyunyu tu, miavuli ikafunguka. Hiyo mvua iweke kichwani, nitakuja kukuambia kwa nini. Pale pale mpira wa binti yako ukadumbukia kwenye shimo la mchanga, ukuta mbele umefika kifuani kwake. Akaingia, akasimama kidogo, akapiga. Mchanga ukaruka, mpira ukatoka polepole kama mtu anayeamka, ukajiviringisha na kukaa karibu na bendera. Watu wakapiga makofi, na mwanamke mmoja akapiga vigelegele hadi akanyamazishwa. Hilo nalo liweke.

Halafu akaharibu. Shimo la kabla ya mwisho, mpira uko karibu kabisa, anahitaji kuusukuma tu. Akausukuma ukapita. Akaurudisha ukapita tena. Nikaona mabega yamepanda mpaka masikioni. Tulipofika shimo la mwisho habari zilikuwa zimeshatufikia kutoka kwa waliomaliza: imebaki nafasi moja, na ni yake akimaliza bila kuzidisha pigo hata moja juu ya yaliyowekwa kwa shimo lile.

Alipiga vizuri hadi kwenye yale majani ya kuzunguka shimo, yaliyonyolewa kama kichwa cha kuruti. Akabakiwa na pigo moja, na umbali kama urefu wa kitanda chako, na mteremko wa kushoto. Kazi yangu ilikuwa kumwambia mpira utapinda wapi. Nikamwambia. Akasimama juu ya mpira, asipige. Akatoka. Akasimama tena, akatoka. Ilisikika mvua tu kwenye miavuli. Akanijia, akanong'ona kwamba kila akiinamisha kichwa anasikia cherehani yako. Alisema hivyo hivyo. Anasikia cherehani, na sauti yako ikisema asikuhesabu.

Mzazi mwenzangu, mimi nimebeba mifuko tangu sijaota ndevu. Nimewaona wanaume wazima wakilia juu ya umbali mdogo kuliko ule. Najua la kumwambia mtu anayeogopa upepo, au anayeogopa mchanga. La kumwambia mtoto anayemwogopa baba yake sikulijua.

Kwa hiyo nilimdanganya.

Nilimwambia, tena kwa uso wa kanisani, asigeuke, lakini baba yake yupo. Amekuja tangu saa za bwawa, yuko nyuma ya kamba, chini ya mwavuli wa bluu, na amenikataza nisiseme ili nisimsumbue. Nikaongeza kwamba ule mpira wa mchangani ulikufanya upige makofi mpaka jirani yako akakutazama. Haki ya Mungu, sijui maneno yalitoka wapi. Hakugeuka. Aliuliza tu kwa sauti ndogo kama kweli ulipiga makofi. Nikasema ulipiga. Nikayaona yale mabega yakishuka, yakarudi mahali pake. Akaenda, akainama, akausukuma. Ulipinda nilipomwambia utapinda, ukaingia.

Kifua akavua kofia. Mwalimu akampa mkono akasema maneno mengi, mawili au matatu. Lakini binti yako hakuwangoja, alikimbilia kwenye kamba na viatu vyake vya misumari, moja kwa moja hadi chini ya mwavuli wa bluu, akamkumbatia mwenye nao. Alikuwa wakala wa bima. Bwana wa watu alishtuka, kisha akamkumbatia na yeye, nadhani alidhani ni mteja. Nilipofika nakokota goti langu nikamwambia umeshaondoka, uliwahi basi, na uliona haya kulia mbele za watu. Akatazama upande wa geti muda mrefu.

Sasa unajua kwa nini nimekuandikia mvua, na mchanga, na vigelegele. Ni kwa sababu ulikuwepo, bwana wee. Mashindano yake ya kwanza pamoja na hao wanaume wa kulipwa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, na nimeahidi utakuja, na safari hii utakaa mpaka mwisho. Ukija atakuuliza. Soma barua hii mara mbili. Usije ukasema jua lilikuwa kali ukaniaibisha uzeeni.

Wala sikulaumu. Hukukataa kwa ubaya. Uliogopa kumwona akianguka mbele za watu na wewe uko nyuma ya kamba, huruhusiwi kumwinua. Mimi nilikuwa ndani ya kamba, mzazi mwenzangu, na mimi pia sikuweza. Nilichokuwa nacho ni uongo tu, na hata huo niliutengeneza kwa kuazima jina lako.

Nilidhani mambo yameishia hapo, kumbe bado. Juzi tuko mezani, binti yako ananipakulia, akaniuliza kama mtu anayeuliza chumvi, siku ile baba alivaa nini. Nami kwa kujiamini kwangu nikasema ulivaa lile koti lako la kijivu. Akaurudisha upawa sufuriani. Mwanangu akainamia sahani ghafla, kama ndani yake kumeandikwa kitu. Baadaye mwanangu akaninong'oneza kwamba koti la kijivu liko chumbani kwao, kabatini. Ulimfunika nalo mwenyewe siku ya harusi yake mvua iliponyesha, ukamwambia atakurudishia akija kukusalimia, na yeye kila akienda kwenu analisahau makusudi.

Kwa hiyo anajua. Nadhani alijua tangu pale kwa mtu wa bima. Nilikaa nikingoja kusutwa, na nilistahili. Badala yake nikasikia pasi. Amelitoa lile koti, amelipiga brashi, amelinyoosha mpaka kola, amelitundika kwenye kiti cha mlangoni. Akapita karibu yangu na kusema, bila hata kutabasamu: "Baba, ukimwandikia, mwambie siku hiyo alilowa sana. Safari hii apitie hapa kwanza achukue koti lake."

Nami ndiyo nimekwambia.

Nisalimie mafundi wako wote, na huyo bwana harusi mwambie aache kula. Mkwe wako anakuamkia. Goti langu halisalimii mtu. Ukipata basi la asubuhi utafika tukiwa bado tunakunywa chai, na kiti utakachokalia ni kingine, hicho cha mlangoni kina mwenyewe.

Ni mimi, mzazi mwenzako,
mbeba mfuko wa mwanao.