Shimo la Mwalimu Konokono

Chumba cha mwisho,
Nyuma ya karakana ya mabomba.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Hilo goti la kushoto limekubali kupanda ngazi au bado linagoma? Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Nipe majibu ya kweli. Usiniandikie tena "tunaendelea vizuri" kama barua ya ofisini.

Mimi mzima. Mgongo unalia asubuhi, ukishapata moto unanyamaza. Meno yaliyobaki yanatosha kazi.

Barua yako nimepata. Umeuliza mara mbili, juu ya ukurasa na chini yake, kama mwanetu amefukuzwa ualimu. Hajafukuzwa. Tumeshinda, dada. Nimetanguliza hilo ili usome umetulia. Sasa weka goti juu ya kiti nikupe habari yote.

Unamjua mtoto huyu. Jina la Konokono ulimpa wewe, siku ile ulipofua gauni lake ukakuta konokono sita mfukoni. Mama yake alikuwa hajamaliza hata mwezi tangu tumzike. Ulisema akikua ataacha. Ana miaka thelathini na moja. Hajaacha. Siku hizi hata wanafunzi wanamwita Mwalimu Konokono, na anaitika.

Darasa lake nimeliona kwa macho yangu. Watoto arobaini na wawili, wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Dirishani mitungi ya viluwiluwi, kila mtungi na tarehe yake. Mezani kuna pafu la chupa ya plastiki na baluni. Ukivuta mpira wa chini, baluni ndani inajaa pumzi. Nilivuta mpaka kengele ikagonga. Uani wamesimika kijiti, wanapima kivuli chake kila saa. Nilidhani mchezo. Wakaniambia saa kwa kile kijiti, nikatazama saa yangu, yangu ndiyo ilikuwa imechelewa.

Likizo hakai nyumbani. Begi mgongoni, huyo. Mabwawani, msituni, mapangoni. Mwaka jana alirudi na kopo akaliweka jikoni. Nikafungua nikijua majani ya chai. Mavi ya popo, dada. Na maji yalikuwa yameshachemka.

Sasa balaa lilivyoanza. Mzazi mmoja alilalamika kwamba mwanawe anarudi na matope badala ya kusoma kitabu. Mwalimu mkuu anaogopa lawama kuliko nyoka, akapeleka maneno juu. Jibu likaja: mkaguzi anakuja Alhamisi. Akiridhika, masomo ya nje yanaendelea na safari ya korongoni inapata kibali. Asiporidhika, Konokono anarudi kwenye ubao na chaki, na safari inafutwa. Safari hiyo watoto walikuwa wanaingoja tangu mwaka uanze.

Mwanetu alikuwa anakizungusha tu chakula kwenye sahani. Jumapili akaniambia, "Baba, nichimbie shimo." Nikamwambia leo umeongea lugha yangu.

Alitaka shimo nyuma ya madarasa, kina cha kifua, ukuta mmoja umenyooka kabisa, ili watoto wasome udongo ulivyolala. Jumanne nikachimba. Ukuta niliupitishia timazi. Udongo niliutenga kama tunavyofanya kazini kwenye mitaro ya mabomba: mweusi wa juu rundo lake, mwekundu lake, mfinyanzi lake. Watoto waliona marundo yale wakashangaa kuliko shimo lenyewe. Konokono akafunga nyuzi ukutani, nyekundu, nyeupe, bluu, kila tabaka na uzi wake. Kazi safi. Usiku nikalifunika kwa mbao za kazini, asubuhi nikazirudisha.

Hapa ndipo nilipoharibu.

Unajua sheria ya kazi yetu. Shimo halilali wazi. Mwaka wangu wa pili kazini mwenzetu mmoja aliingia kwenye mtaro usiofunikwa, nyonga ikavunjika, hajashika sululu tena. Tangu siku ile kila shimo nililochimba nimelifunika au nimelifukia mwenyewe. Moja tu lilinishinda, la mama yake Konokono. Siku ile uliniona mikono imekataa, ukanipokonya beleshi mbele ya watu wote, ukamaliza wewe. Sijawahi kukushukuru. Ahsante.

Basi Jumatano jioni natoka kazini, napita shuleni. Wingu zito. Watoto wanakimbizana pale pale. Shimo wazi, limezungushiwa kamba tu, kamba yenyewe imelegea. Sikuuliza mtu. Nikachukua beleshi stoo nikafukia. Nikashindilia kwa miguu mpaka pakawa sawa na uwanja. Nikaenda nyumbani nimefurahi kabisa.

Nikamwambia Konokono, "Lile shimo lako usiwe na wasiwasi. Nimelifukia."

Kijiko kikamponyoka. "Baba, umefukia?"

"Nimefukia. Na nimeshindilia."

"Baba! Mkaguzi anakuja kesho! Alikuwa anakuja kuona lile shimo!"

Dada, nilijua mkaguzi anakuja kesho. Nilijua nimechimba shimo la somo. Hayo mambo mawili sikuyakutanisha kichwani. Shimo nikishalipitishia timazi, kwangu kazi imekwisha. Yeye naye hakuniambia liache, alidhani najua.

Nikamwambia nitalifukua, udongo niliurudisha kwa mpangilio wake, wa chini chini, wa juu juu, hakuna atakayegundua. Akanitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama nikiingia na viatu. Akasema, "Huo si udongo ulivyolala, baba. Ni udongo ulivyoulaza wewe. Siwezi kuwafundisha uongo."

Nikavaa kofia nikaenda kwa nyapara kumweleza. Hakunichimba sana. Alisema, "Umefukia darasa? Wewe kiboko. Mchukue Futi. Lakini saa sita niwaone mtaroni."

Futi ni mwenzangu wa kazi. Mfupi, akiingia shimoni unaona kofia tu. Lakini ana mikono miwili yenye kazi ya minne.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi mlinzi akatufungulia geti. Mkaguzi alisema anafika saa nne. Tukasogea hatua nne kutoka la kwanza, ardhi ambayo haijaguswa, tukaanza. Watoto waliowahi walitusimamia juu wakiuliza maswali. Niliwapa sheria moja tu, nikairudia mara tatu: shimo halilali wazi. Futi akawaambia hata yeye halali wazi, anajifunika blanketi. Wakacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Tulipofika kina cha kiuno, sululu ikatoa mlio. Mawe. Mawe laini ya mviringo, na mengine bapa, yamepangana unene wa shubiri mbili. Kwenye shimo la kwanza hayakuwepo. Konokono akaingia, akapiga magoti, akashika kichwa. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Mkaguzi alifika saa tatu badala ya saa nne. Konokono na Futi walikuwa wameshapanda juu, shimoni nimebaki mimi. Suruali ya kijivu imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Mwalimu mkuu akaja mbio mbele yake.

"Mzee, toka humo! Mgeni amefika!"

"Sijanyoosha ukuta."

"Utanyoosha kesho!"

"Kesho litakuwa limefukiwa."

Mkaguzi akauliza, "Huyu ni kibarua wa shule?"

Konokono akasema, "Ni baba yangu. Jana alifukia shimo la somo. Leo amechimba lingine." Hivyo hivyo, bila kupamba. Nilitaka ardhi inimeze, na nilikuwa nimeshafika nusu.

Mkaguzi akawauliza watoto kwa nini marundo yametengwa. Wakajibu. Akauliza tabaka la juu lina nini. Wakajibu. Akasema, "Mmekaririshwa hivyo." Akainama, akaokota jiwe moja. "Hili la mtoni. Mto uko wapi hapa? Nitajuaje kama si fundi aliyemwaga mawe haya zamani akijenga hii shule?"

Mwalimu mkuu anafuta jasho. Mimi jibu nilikuwa nalo, nimechimba kando ya mito miaka mingi. Nikafungua mdomo. Konokono akanikata jicho. Nikafunga.

Kuna msichana wanamwita Kwanini, maana ndilo neno lake. Hakuomba ruhusa. Alirukia shimoni pembeni yangu, akasogeza uso ukutani mpaka pua ikashika udongo.

"Yameegemea," akasema.

"Nini?" mkaguzi akauliza.

"Haya bapa. Yote yameegemea upande mmoja, kama vitabu kwenye rafu isiyojaa. Mtu akimwaga mawe yanalala ovyo ovyo. Haya yamesukumwa. Maji yalikuwa yanapita, yanatokea kule, yanaelekea huku."

"Umesoma kitabu gani hicho?"

"Sijasoma popote. Njoo uone."

Dada, yule bwana alitua mkoba, akaingia shimoni. Na viatu vile. Tukawa watatu ndani, tumebanana, mimi nanuka jasho. Akatazama. Akapitisha kidole kwenye jiwe moja moja. Akatazama tena. Akasema polepole, "Kweli, bwana."

Kisha akashindwa kutoka. Mimi nilimsukuma, Futi akamvuta kwa mkono. Suruali ya kijivu ilitoka nyekundu. Nilimwona mwalimu mkuu anaomba kimoyomoyo.

Akapangusa magoti, akafungua karatasi zake. "Swali la mwisho, la usalama. Shimo hili litalala wazi?"

Watoto arobaini na wawili kwa sauti moja: "Halilali!"

Hata mlinzi wa getini alisikia. Futi akavua kofia.

Mkaguzi aliandika pale pale, amesimama, na mwalimu mkuu akasoma kwa sauti. Masomo ya nje yaendelee. Safari ipewe kibali. Mchimbaji aalikwe tena. Watoto wakarusha madaftari juu. Konokono alinishika mkono uliojaa udongo, akaushika muda mrefu. Sisi hatusemi sana, unatujua.

Walichora tabaka zote, kisha watoto wenyewe wakafukia, rundo kwa rundo, kwa mpangilio. Nilisimamia tu kama nyapara. Saa sita kasoro tulikuwa mtaroni.

Nisingefukia shimo la kwanza, ule mto usingeonekana. Konokono ananiambia nisijisifu kwa kosa. Najisifu.

Yule mzazi naye ameshamnunulia mwanawe mabuti ya mvua. Hakusema lolote, lakini mabuti nimeyaona.

Jana tumekwenda hiyo safari. Nilialikwa, nikavaa shati la arusi. Basi la shule, nimekaa mbele na Kwanini, ananiuliza mpaka masikio yamechoka. Konokono anasimama katikati ya basi, anaonyesha ndege dirishani, watoto wanaandika. Wakifika ndege ishirini wanapiga makofi. Tulipiga makofi mara mbili. Tukashuka, tukatembea msituni saa nzima. Akatuonyesha njia ya siafu, uyoga unaokula gogo, jani lenye mayai ya kipepeo nyuma yake. Mimi natembea vichakani tangu utoto na jani hilo sijawahi kuligeuza.

Halafu miti ikaisha, tukatokea ukingoni mwa korongo.

Sikujua dunia ina kitu kama kile. Ardhi imekatwa kwenda chini, ukipanga nguzo za umeme kumi moja juu ya nyingine hazifiki juu. Ukuta umenyooka, na tabaka zote ziko nje: nyeusi, nyekundu, nyeupe, mawe, tena nyekundu. Kama shimo langu, ila nani angelichimba? Maneno yakanitoka bila kufikiri. Nikasema, "Nani ameliacha hili wazi?"

Watoto walianguka kwa kicheko. Wengine walikaa chini. Konokono alicheka huku ameshika tumbo, na dada, kile kilikuwa kicheko cha mama yake. Kile kile. Sijakisikia miaka ishirini na miwili.

Kwanini akanivuta shati. "Babu, tulifukie?"

Nikalitazama juu mpaka chini. Nikamwambia, "Hili tuliache."

Basi, ndiyo habari. Ulisema mtoto anacheza matope. Ni kweli anacheza matope. Mkaguzi naye alicheza. Likizo ijayo Konokono anataka kuja huko kwako kuona mabwawa ya karibu. Akija, kagua mifuko kabla ya kufua, na kopo lolote jikoni usilifungue.

Nisalimie shemeji, mwambie kikohozi si sababu ya kutoniandikia. Msalimie jirani yako Kidevu na mkewe, na wale mapacha wao, yule anayelia na yule anayemliza. Shangazi yetu wa nyumba ya chini akipita, mwambie bado nipo. Konokono anakuamkia, na Futi pia, ingawa hakujui.

Mungu akulinde, akulainishie hilo goti, na atukutanishe tukiwa bado tunacheka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ingawa maneno yangu machache,

Baba Konokono